Kuzuia maji ya mifugo kuganda

Kuzuia maji ya mifugo kuganda ni kazi ya kuhakikisha kwamba wanyama na ndege wa kufugwa wanapata maji ya kunywa katika majira ya baridi, hasa katika nchi ambako halijoto hushuka chini ya 0 °C kwa siku, wiki au miezi mfululizo. Ni kazi ya kila siku kwa wafugaji wa Kanada, kaskazini mwa Marekani, Skandinavia, Urusi, Mongolia na milima ya Asia ya Kati. Mbinu zake ni nyingi, kuanzia shoka la kuvunjia barafu hadi mabirika yanayotumia joto la ardhini bila umeme.

Kwa msomaji wa nchi za joto, baridi na kiu ni mambo mawili yasiyohusiana. Katika nchi hizo huja pamoja: mnyama anaweza kusimama kando ya birika lililojaa akashindwa kunywa hata tone.

Umuhimu wa maji wakati wa baridi

Ni rahisi kudhani kwamba mnyama asiyetoka jasho hahitaji maji mengi. Lakini wakati wa baridi chakula chake hubadilika. Majani mabichi ya malishoni yana maji kiasi cha asilimia 80, hivyo ng'ombe anayechungwa katika majira ya joto hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa kula tu. Nyasi kavu zilizowekwa akiba kwa ajili ya baridi zina maji asilimia 10 hadi 15. Yanayopungua hapo hana budi kuyanywa.

Jambo la pili ni joto la mwili. Ng'ombe, kondoo na mbuzi ni wanyama wanaocheua. Chakula chao huchachuka kwanza katika tumbo kubwa liitwalo rumeni, kwa kazi ya bakteria wanaoishi ndani ya majimaji, na uchachukaji huo hutoa joto. Maji yakikosekana, bakteria hao hupunguza kazi, mnyama hupoteza hamu ya kula, na joto lililokuwa linatoka ndani hupungua wakati uleule anapolihitaji zaidi. Hivyo mnyama mwenye kiu huona baridi kuliko mwenzake aliyekunywa, hata kama wote wawili wana nyasi mbele yao. Mfugaji mzoefu akikuta nyasi zimeachwa horini siku ya baridi kali, jambo la kwanza huenda kutazama birika.

Kiasi cha maji hutofautiana kwa aina ya mnyama, chakula na kazi yake. Ng'ombe wa nyama wakati wa baridi hunywa takriban lita 25 hadi 45 kwa siku. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa huweza kupita lita 100, na hilo si ajabu, kwa kuwa maziwa yenyewe ni maji kwa asilimia 87 hivi. Farasi hunywa lita 20 hadi 40, na kondoo mkubwa lita chache tu, ingawa kondoo anayenyonyesha huhitaji zaidi.

Farasi wana hatari yao ya pekee. Wakila nyasi kavu bila maji ya kutosha, chakula hukauka na kukwama katika utumbo mkubwa. Maumivu yake ni makali, na yasipotibiwa mapema farasi huweza kufa. Madaktari wa mifugo wa nchi za baridi huyaona matatizo hayo mara nyingi pindi halijoto inaposhuka ghafla. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani walichapisha mwaka 1994 matokeo ya majaribio juu ya farasi wadogo wa aina ya poni: waliopewa maji ya vuguvugu wakati wa baridi walikunywa takriban asilimia 40 zaidi ya waliopewa maji ya karibu kuganda. La kushangaza ni kwamba farasi wakiwekewa vyombo vyote viwili pamoja hupendelea yale ya baridi, na jumla ya wanachokunywa huwa ndogo. Kwa hiyo anayetaka farasi wake wanywe vizuri huwawekea maji ya vuguvugu peke yake.

Jinsi maji yanavyoganda

Lita moja ya maji ikipoa kwa digrii moja hupoteza kilojuli 4.2 hivi. Maji yanayotoka kisimani yakiwa na 10 °C hupoteza kilojuli 42 kwa lita hadi kufika 0 °C. Lakini hapo bado hayajawa barafu. Ili yagande yote ni lazima yapoteze kilojuli 334 nyingine kwa kila lita, yaani karibu mara nane ya zile za kwanza, huku kipimajoto kikibaki palepale kwenye sifuri. Kwa sababu hiyo utando mwembamba wa barafu hutokea mapema usiku, ilhali birika kubwa huchukua muda mrefu kugeuka jiwe hadi chini. Muda huo wa katikati ndio anaoupigania mfugaji.

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na 4 °C. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi na kupanda juu, na barafu huanzia usoni. Joto nalo hutokea zaidi juu, mahali maji yanapokutana na hewa na upepo. Ndoo ya lita 10 ina uso mkubwa ukilinganisha na maji yake machache, hivyo huganda kwa saa chache. Birika la lita 1,000 lina uso mdogo kwa kila lita na hustahimili kwa muda mrefu zaidi. Kutokana na hayo mfugaji hufanya mambo matatu kabla ya kufikiria kununua hita: huchagua chombo kikubwa na chenye kina, hufunika sehemu kubwa ya uso wake na kuacha nafasi ya midomo tu, na hukiweka mahali palipokingwa upepo na panapopata jua la mchana.

Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Ongezeko hilo hupasua mabomba ya chuma, koki na ndoo za plastiki ngumu. Katika mazizi mengi ya Amerika ya Kaskazini kwa hiyo hutumiwa beseni za mpira mzito mweusi. Barafu ikishika, mtu hulipindua beseni na kulikanyaga, nayo hutoka nzima kama keki kutoka kwenye chombo chake, na beseni halidhuriki.

Theluji badala ya maji

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini mnyama asile theluji tu. Jibu linategemea hesabu. Ng'ombe akinywa lita 40 za maji yenye 0 °C, mwili wake hutumia takriban kilojuli 6,400 kuyapasha hadi 38 °C. Akipata maji hayohayo kwa kula theluji, hutumia kilojuli nyingine 13,400 kuiyeyusha kwanza. Jumla inakuwa zaidi ya mara tatu.

Hata hivyo mwili wa mnyama aliyeshiba hutoa joto jingi ambalo lingepotea bure, naye hula theluji kidogokidogo mchana kutwa. Utafiti uliofanywa Alberta, Kanada, kuanzia miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ng'ombe wa nyama wenye afya na wasionyonyesha wanaweza kupita majira ya baridi kwa theluji, mradi ni safi, laini na ya kutosha, na mradi wamekwisha kujifunza kuila. Ng'ombe asiyewahi kuila huhitaji siku kadhaa, na mara nyingi hujifunza kwa kuwatazama wenzake. Mwongozo wa kitaifa wa Kanada kuhusu utunzaji wa ng'ombe wa nyama, uliotolewa mwaka 2013, huikubali theluji kwa masharti tu. Kwa ng'ombe wa maziwa, wanyama waliokonda au wanaonyonyesha haitoshi. Theluji iliyokanyagwa na kuwa ngumu, au iliyofunikwa na ganda la barafu, haifai kwa mnyama yeyote.

Nchini Mongolia theluji ndiyo maji ya kawaida ya makundi ya kondoo, mbuzi na farasi wakati wa baridi, na wafugaji wanaohamahama huchagua makambi yao kwa kuifuata. Nchi hiyo ina neno zud kwa majira ya baridi yanayoua mifugo kwa wingi, na wafugaji hutofautisha aina zake kwa rangi na sifa. Zud nyeupe ni theluji nyingi inayofunika malisho. Zud ya chuma ni barafu ngumu ambayo kwato haziwezi kuivunja. Zud nyeusi ni baridi isiyo na theluji: visima na mito imeganda, hakuna cha kulamba, na mifugo hufa kwa kiu katikati ya nyika iliyo wazi. Majira ya baridi ya 2009 hadi 2010 yaliua mifugo zaidi ya milioni 8 nchini humo, baada ya ukame wa majira ya joto yaliyotangulia. Familia nyingi zilipoteza wanyama wao wote.

Mbinu za kale

Mbinu ya kwanza ni shoka. Mfugaji huvunja barafu ya bwawa au mto asubuhi na jioni na kuondoa vipande vyake, kwa kuwa vikiachwa hushikana tena upesi. Kazi hii ina hatari. Ng'ombe hujikusanya juu ya barafu kuzunguka tundu, uzito wao huivunja, na kundi huweza kuzama. Kwa hiyo wafugaji wengi wa sasa huzungushia bwawa uzio na kuyavuta maji hadi kwenye birika lililo nchi kavu.

Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima wa Marekani walianza kununua majiko ya chuma yaliyozamishwa ndani ya birika, mlango na bomba la moshi vikibaki juu ya maji. Yalichoma kuni, makaa ya mawe au hata magunzi ya mahindi. Yalifanya kazi vizuri, lakini yalihitaji mtu wa kuyachochea alfajiri na usiku, na mabati yake yaliliwa na kutu.

Mabomba na koki

Udongo ni blanketi. Baridi ya juu huchelewa kushuka ndani yake, na kila mahali pana kina ambacho maji hayagandi kamwe. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, kanuni za ujenzi zinataka misingi ya nyumba ifike takriban sentimita 107 kusini na 152 kaskazini ili isiinuliwe na ardhi inayoganda. Huko Alberta wengi huzika mabomba ya maji ya mifugo kwenye kina cha mita 2 au zaidi. Theluji isiyoguswa hulinda udongo ulio chini yake. Njia inayofagiliwa theluji au kukanyagwa na mifugo huganda kwa kina zaidi, na bomba linalopita chini yake huganda kabla ya mengine.

Koki ya uani inayotumika huko haina vali yake juu. Mpini uko juu, lakini vali iko chini kabisa, kwenye udongo usioganda. Koki ikifungwa, maji yaliyobaki katika bomba la wima hushuka na kutoka kwa tundu dogo kwenda kwenye kokoto zilizowekwa chini. Bomba hubaki tupu na hakuna cha kuganda. Kosa la kawaida ni kuacha mpira wa maji umeunganishwa baada ya kufunga: maji hushindwa kushuka, na asubuhi bomba limeganda.

Mabirika yasiyotumia umeme

Maji ya chini ya ardhi huwa na halijoto inayokaribia wastani wa mwaka wa mahali hapo. Hata kwenye mikoa yenye baridi kali mara nyingi huwa digrii kadhaa juu ya sifuri. Birika lisilotumia umeme hutegemea joto hilo. Kuta zake zimejazwa povu gumu linalozuia joto lisitoke. Chini yake huzikwa bomba pana la wima linalofika kwenye udongo usioganda na kuruhusu hewa yenye joto kupanda. Juu huwekwa maboya ya mviringo yanayoziba matundu ya kunywea. Mnyama hulisukuma boya kwa mdomo, hunywa, nalo hurudi mahali pake.

Kifaa hiki kinahitaji wanywaji. Kila mara ng'ombe anapokunywa, maji mapya yenye joto huingia kutoka ardhini. Birika lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe 40 likitumiwa na ng'ombe watano, maji hukaa muda mrefu mno na maboya hushikwa na barafu. Wauzaji hawalisemi sana jambo hili, na wanunuzi wengi huligundua wakati wa baridi ya kwanza.

Kuna njia nyingine za namna hiyo. Kwenye chemchemi inayotiririka muda wote, maji huachwa yaingie na kutoka birikani bila kusimama, ilimradi yanayofurika yanapelekwa mbali yasifanye utelezi. Katika nyanda za magharibi za Marekani na Kanada hutumiwa magurudumu makubwa ya magari ya migodini: mpira wake mnene na mweusi hushika joto la jua na haupasuki. Huko Alberta kuna pia pampu inayoendeshwa na ng'ombe wenyewe. Ng'ombe husukuma wenzo kwa pua, pistoni hupandisha maji kutoka kisimani hadi kwenye bakuli, na yanayobaki hurudi chini kabla ya kuganda. Ng'ombe wazima huielewa upesi, lakini ndama hukosa nguvu za kuusukuma.

Hita za umeme

Nchini Marekani sheria ya umeme vijijini ya mwaka 1936 ilisaidia kufikisha nyaya kwenye mashamba mengi, na taratibu hita za umeme zikachukua nafasi ya majiko ya birikani. Hita ya birika kubwa hutumia wati 1,000 hadi 1,500. Ikiwaka saa 24 bila kupumzika, ile ya wati 1,500 hula uniti 36 za umeme kwa siku, kwa hiyo huwekewa kidhibiti joto kinachoizima maji yanapopanda digrii chache juu ya sifuri. Birika lililofunikwa vizuri huhitaji sehemu ndogo ya umeme huo. Hakuna faida ya kuyapasha moto maji ambayo joto lake linapaa hewani.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni moto, hasa hita ikiwaka bila maji au waya ukitafunwa na mnyama. Ya pili haionekani kwa macho: umeme mdogo unaovuja kwenye maji. Ng'ombe huuhisi umeme ambao mtu mwenye viatu vikavu hausikii. Hugusa maji, hurudi nyuma, na kukataa kunywa ingawa birika ni safi na haina barafu. Maziwa hupungua, na mwenye ng'ombe hutafuta ugonjwa usiokuwepo. Hita huunganishwa kwa kikata umeme kinachozima chenyewe, na birika la chuma huungwa na waya wa ardhini.

Kuku na ndege wengine

Kuku wa mayai hunywa takriban robo lita kwa siku, karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Yai ni maji kwa kiasi cha robo tatu. Kuku akikosa maji kwa siku nzima, utagaji huweza kushuka kwa muda mrefu, na wengine huanza kunyonyoka manyoya.

Faida ya kuku ni kwamba hawanywi gizani. Hivyo mfugaji mwenye kuku wachache hahitaji kuyalinda maji usiku: huondoa chombo jioni, hukimwaga, na kukirudisha alfajiri kikiwa na maji ya vuguvugu. Vyombo viwili vinavyopokezana, kimoja bandani na kingine kikiyeyuka jikoni, hutosha kwa banda dogo.

Kwa banda kubwa hutumiwa kiti cha hita kinachowekwa chini ya chombo cha chuma. Wengi walijitengenezea chao kwa balbu ya wati 40 ndani ya kopo la biskuti lililofunikwa. Balbu za kisasa za LED zimeuharibu ujanja huo, kwa sababu hutoa mwanga mwingi na joto kidogo sana. Taa za kupasha joto zinazoning'inizwa juu ya matandazo makavu zimeteketeza mabanda mengi pamoja na kuku wake, na hazifai kwa kazi ya kulinda maji.

Chombo kipana kina tatizo jingine. Jogoo mwenye ndevu ndefu huzichovya anapokunywa, na zikilowa katika baridi kali nyama yake hufa na kuwa nyeusi. Vyombo vya chuchu, ambavyo kuku hugonga kwa mdomo kupata tone, huepusha hilo, lakini chuchu zenyewe huganda upesi kama maji ya ndani hayazungushwi kwa pampu au kupashwa. Maji yaliyo wazi huongeza pia unyevu bandani, na unyevu hudhuru upanga wa kuku kuliko baridi kavu. Bata na bata bukini huhitaji chombo chenye kina cha kuzamisha mdomo wote ili wasafishe pua zao, kwa hiyo chuchu peke yake haiwatoshi.

Mbinu zisizosaidia

Ushauri mmoja unaorudiwa sana ni kuelesha birikani chupa iliyojaa maji ya chumvi. Maji ya chupa huchelewa kuganda kwa sababu ya chumvi, lakini hayatoi joto, na maji yaliyo nje yake huganda kama kawaida. Kutia chumvi birikani kwenyewe ni kosa: maji ya bahari, ambayo mifugo haiwezi kuyatumia, huganda kwenye −1.9 °C hivi, yaani faida haifiki hata digrii mbili. Siki haisaidii, tena hula mabati. Mipira midogo inayoelea huchelewesha kidogo utando wa barafu upepo ukivuma, basi. Dawa ya kuzuia kuganda inayotumika katika rejeta za magari ni sumu. Ile ya ethilini glikoli ina ladha tamu, wanyama huipenda, na huua figo.

Afrika ya Mashariki

Barafu ya miezi mingi haijulikani katika ufugaji wa Afrika ya Mashariki, lakini sakitu inajulikana. Katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, Tanzania, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500 na shamba la ng'ombe wa maziwa, usiku wa Juni na Julai halijoto huweza kushuka hadi sifuri au chini yake. Sehemu za juu za Nyandarua nchini Kenya pia hupata sakitu. Utando unaotokea kwenye maji huko ni mwembamba, huvunjwa kwa fimbo, na jua huumaliza asubuhi. Kinachobaki ni ubaridi wa maji yenyewe, unaowafanya ng'ombe wanaokamuliwa wanywe kidogo wakati wa kukamuliwa alfajiri, na mipira ya maji iliyolazwa juu ya nyasi. Mpira uliomwagwa maji jioni haupasuki, na birika lililojazwa jua likiwa limepanda hunywewa zaidi kuliko lililojazwa usiku.